Namna ya Kuhamia Kyokushin kwa Mtu wa Shotokan Ambaye Moyo Wake Unasita

Jioni ya kwanza nilipoingia katika dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Kyokushin, mtindo wa karate wa kupigana kwa kugusana, nikiwa na miaka 14 mwilini ya Shotokan, mtindo wa karate wa kusimamisha pigo kabla ya kugusa, na mkanda mweupe mpya kiunoni, mwalimu alinisimamisha mbele ya kijana mmoja mpana wa kifua akaniambia nimpige ngumi ya kifuani, kwa nguvu ya kadiri tu. Nilipiga. Ngumi ilikwenda kwa kasi niliyoizoea, kisha ikasimama yenyewe upana wa kidole kabla ya kuifikia gi yake, lile vazi la mazoezi. Nikapiga tena, ikasimama palepale. Yule kijana alinitazama kwa huruma akasema, "Kaka, gusa. Mimi si kioo."

Mkono wangu ulikuwa umefundishwa kusimama, na haukuwa tayari kufundishwa upya kwa amri ya jioni moja. Lakini mkono ulikuwa afadhali. Kilichonisumbua zaidi ni mawazo yaliyonijia njiani nikirudi nyumbani, kwamba nimejipeleka mahali ambapo watu wazima hulipa ada ili wapigwe mapaja hadi wachechemee, na kwamba nikiendelea huenda nikawa mtu yuleyule ambaye mwalimu wangu wa kwanza alitumia miaka mingi kunizuia nisiwe.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo: ana msingi mzuri wa mtindo wenye nidhamu ya kutogusa, anavutiwa na mtindo mkali zaidi, na bado hajaamua kama mvuto huo ni wa heri au wa shari. Nazungumzia safari ya kutoka Shotokan kwenda Kyokushin kwa kuwa ndiyo niliyoipita kwa miguu yangu, ingawa anayetoka taekwondo au aikido kwenda Muay Thai atakutana na mambo mengi ya namna hiyohiyo.

Ipe hofu yako jina

Kabla ya kununua kinga ya meno, chukua daftari uandike unaogopa nini hasa. Zoezi hili linaonekana la kitoto, na mimi mwenyewe nililifanya kwa shingo upande, lakini lilinionyesha kwamba kile nilichokiita wasiwasi kilikuwa hofu nne zilizofungwa katika kanga moja. Niliogopa kuumia. Niliogopa kuumiza. Niliogopa kwamba tabia yangu itabadilika, niwe mkali nyumbani na barabarani. Na niliogopa kuonekana nimemtupa mwalimu aliyenilea. Kila mojawapo ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine, ndiyo maana neno ambalo wengi hupewa, "utazoea tu", huwasaidia wale wenye hofu ya kwanza na kuwaacha wengine walivyokuwa. Mwili huzoea maumivu. Dhamiri haizoei kwa njia hiyo, na ikizoea ni jambo la kutia shaka.

Kwa watu wengi waliolelewa na Shotokan hofu kubwa ni ya pili, ya kuumiza, nayo huja imevaa maneno ya wakubwa. Neno la kwanza ni *karate ni sente nashi*, kwamba katika karate hakuna pigo la kuanza, mojawapo ya kanuni 20 za Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Shuri katika kisiwa cha Okinawa aliyekwenda Tokyo kuionyesha karate mwaka 1922. Kata zote 5 za Heian, yaani mifuatano ya mapigo na vikinga ya kufanya peke yako, huanza kwa kukinga, kwa hiyo mwanafunzi huimeza kanuni hiyo kwa mwili kabla hajaielewa kwa akili. Hata hivyo Choki Motobu, Mwokinawa wa rika la Funakoshi, alishikilia kwamba wanaoichukua kanuni hiyo kwa herufi, wakadhani mtu asipige kwanza kwa hali yoyote, wamekosea. Mimi naielewa kama kanuni ya kutoanzisha ugomvi. Watu wawili waliovaa gi, wakasalimiana kwa kuinamiana, na kukubaliana kupigana kwa dakika 2 mbele ya mwalimu hawana ugomvi, na atakayetangulia kurusha teke kati yao hajavunja kanuni ya mtu.

Neno la pili limo katika *dojo kun*, zile kauli 5 ambazo watu wa Shotokan huzitamka kwa sauti wakiwa wamepiga magoti mwisho wa mazoezi. Ya mwisho tulifundishwa kwamba maana yake ni kujiepusha na vurugu, na nilikuwa nimeikariri kama kasuku kwa miaka mingi kabla ya kuuliza maneno ya Kijapani yenyewe yanasema nini. Yanasema *kekki no yu*, na kauli nzima inatuonya tujihadhari na ushujaa wa damu iliyochemka. Onyo hilo halihusu nguvu ya pigo. Linahusu hali ya mtu anayelipiga. Mtu anaweza kupiga kwa nguvu damu ikiwa imetulia kama maji ya mtungini, na mwingine anaweza kuisimamisha ngumi yake kwa ustadi mbele ya pua ya mwenzake huku moyoni anatamani ingefika.

Nilipolielewa hilo, swali langu lilibadilika. Niliacha kujiuliza kama mtindo huu ni wa kikatili, nikaanza kujiuliza udhibiti wake umekaa wapi. Katika Shotokan udhibiti umekaa kabla ya mguso: unarusha kwa kasi yote na kusimamisha karibu na mwili, jambo ambalo Wajapani huliita *sundome*. Katika Kyokushin umehamia kwingine, katika kuchagua kiasi cha nguvu kabla hujapiga, katika kuchagua mahali, na katika kusimama papo hapo mwenzako anapoyumba.

Tofauti hii ilionekana duniani kote tarehe 7 Agosti 2021, katika fainali ya kumite, yaani pambano la watu wawili, ya uzito wa juu kwa wanaume kwenye Olimpiki ya Tokyo. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 aliporusha teke la kichwa lililomwangusha Sajad Ganjzadeh wa Iran akiwa amepoteza fahamu. Kwa kanuni za mashindano yale teke hilo lilihesabiwa kuwa pigo lisilodhibitiwa. Hamedi aliondolewa, akapata medali ya fedha, na Ganjzadeh, aliyetolewa ukumbini kwa machela, akapewa dhahabu. Teke hilohilo katika shindano la Kyokushin lingekuwa ushindi kamili. Waliotazama waligawanyika, kila upande ukiuona mwingine kuwa umepotoka, na mimi nakiri kwamba nilipata tabu kuchagua upande.

Jifunze kwanza kinachokatazwa

Ukali wa mtindo haupimwi kwa video za watu wakianguka. Upimwe kwa kanuni zake. Kyokushin hupiganwa bila glovu, na ngumi hupigwa kwa nguvu kifuani, tumboni na mbavuni, lakini ngumi ya usoni imekatazwa. Mateke yanaruhusiwa mapajani, mwilini na kichwani, na kupiga kwa kutumia goti pia. Kunyakua na kuvuta, kupiga kinena, kumpiga mwenzako kwenye goti kwa mbele, na kumpiga aliyeanguka ni makosa. Anayeangushwa kwa pigo halali asiinuke ndani ya sekunde 3 amepoteza. Baada ya kifo cha mwanzilishi mwaka 1994 Kyokushin iligawanyika katika mashirika mengi, na kanuni ndogondogo hutofautiana, kwa hiyo waulize walimu wa mahali unapokwenda badala ya kutegemea ulichosoma.

Kuna jambo hapa ambalo mtu wa Shotokan hulikuta kinyume na alivyotarajia. Wewe uliyekuwa ukilenga uso kila siku, ukiwa salama kwa sababu huugusi, sasa huruhusiwi kuulenga kabisa kwa ngumi. Wiki za kwanza ngumi zangu zilipanda juu zenyewe, na mara mbili nilimgusa mwenzangu mdomoni bila kukusudia. Kwa hiyo mtu mpole aliyetoka mtindo wa upole ndiye aliyekuwa hatari zaidi katika dojo ile, na ni vizuri ulijue hilo mapema ili upunguze kujiona mtakatifu.

Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa mtindo huu, aliyezaliwa Korea mwaka 1923, alisoma kwa Funakoshi mwenyewe kabla ya kwenda kujifunza Goju-ryu. Njia unayotaka kuipita basi si ya uasi, kwani aliyeujenga mtindo aliipita. Msomaji wa Dar es Salaam aliyelelewa katika Goju-ryu, mtindo ambao Nantambu Camara Bomani aliufundisha Zanaki katika miaka ya 1970, atakuta pumzi nzito za *sanchin*, kata ya msingi ya Goju-ryu, na mikono ya karibu si mambo mageni kwake. Sisi wa Shotokan, tuliozoea kupigana kwa mbali, ndio tunaoumbuka.

Aga nyumbani kabla ya kusafiri

Hofu ya nne, ya kuonekana umemtupa mwalimu, huisha kwa hodi moja, na watu wengi huikwepa kwa miezi. Usijiunge na dojo nyingine kimyakimya ukitumaini mwalimu wako hatasikia, kwa sababu miji yetu ni midogo na wanafunzi wana midomo. Mwendee kabla hujaanza, si siku ya mazoezi mbele ya watu, na usiende na hotuba.

Nilimkuta wangu barazani kwake alasiri, akikaza uzi katika kola ya gi ya mtoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na uso wa deni."

Nikamweleza. Hakuinua macho kwenye sindano. Baada ya kitambo akauliza, "Hapa umekosa nini?" Nikasema sijakosa kitu, ila nataka kujua kama ninachokijua kinafika kikiruhusiwa kufika. Akasema mshika mbili moja humponyoka. Nikajibu kwamba sitaki kuishika ile nyingine milele, nataka kuijua. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Nenda. Lakini ukirudi hapa, usiwarudie wanangu na mkono wa huko."

Wakati ule nililichukua kama neno la ruhusa tu. Baadaye nilitambua kuwa lilikuwa sharti, na nitalirudia.

Ikiwa mwalimu wako atakataa, msikilize sababu zake. Akisema mahali unapokwenda pana sifa ya kuumiza wanafunzi, hiyo ni habari ya kufanyia kazi. Akisema tu kwamba mtindo wake ndio bora, mheshimu, mshukuru, na ufanye uamuzi wako ukijua kwamba salamu kati yenu huenda zikapoa kwa muda.

Kaa pembeni saa nzima

Dojo kali na dojo katili hufanana ukizitazama kwa dakika 5. Omba ruhusa ya kuketi na kutazama somo zima, tena somo lenye kumite. Usiwatazame mabingwa wakipigana wao kwa wao, watazame wanapopewa mwanafunzi wa miezi mitatu. Mkubwa mwema hupunguza nguvu bila kuambiwa, humwacha mdogo apige, na humrudishia kiasi anachoweza kukibeba. Mkubwa mbaya hungoja mdogo afanye kosa ili amwangushe, na wenzake hucheka. Tazama pia mtu anapoumia: je, mwalimu husimamisha zoezi na kumwendea, au humpigia kelele ainuke? Tazama kama wapo wanawake na watu wa makamo, kwa sababu mahali penye vijana wa miaka 20 peke yao mara nyingi wengine walikuwapo wakaondoka.

Kisha muulize mwalimu swali moja: nikisema basi katikati ya kumite, kinatokea nini? Jibu jema ni fupi. Anayeanza kukueleza kwamba katika dojo yake hakuna anayesema basi amekuambia yote unayohitaji kuyajua, na unaweza kuvaa viatu vyako.

Wiki za mwanzo: fundisha mkono kuhesabu

Tatizo la mkono unaosimama halitatuliwi kwa kupiga kwa hasira, ingawa kuna watakaokushauri hivyo. Mimi nilisaidiwa na zoezi ambalo kijana yule wa kifua kipana alilibuni kwa ajili yangu. Anashika padi nene kifuani. Ninapiga, na kabla ya kupiga ninataja namba kutoka 1 hadi 10, ambapo 1 ni kugusa na 10 ni nguvu zangu zote. Yeye, baada ya pigo, anataja namba aliyoihisi. Siku ya kwanza nilisema 5 naye akasema 1. Nikasema 7, akasema 2, nikaona aibu. Nilipokasirikia aibu hiyo nikasema 4, na yeye akarudi nyuma hatua moja akasema 8.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka 14 sikuwa nimewahi kupima nguvu yangu. Nilikuwa najua kuiwasha na kuizima tu. Fanyeni zoezi hilo mara tatu kwa wiki, mkianza na namba ndogo, na msiendelee hadi kumite mpaka namba zenu mbili zikaribiane kwa tofauti isiyozidi 1. Kwa mtu mwenye hofu ya kuumiza hakuna tiba ninayoijua iliyo bora kuliko hii, kwa sababu inampa anachokikosa, yaani uhakika kwamba akikusudia 4 itatoka 4.

Hamia kwenye begi baada ya hapo, na uanze polepole. Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na begi lililojazwa mchanga ulioshindiliwa halina tofauti kubwa na ukuta. Piga kwa vifundo viwili vya kwanza vya vidole, kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, kikiwa kimenyooka na ngumi, kwa kuwa ngumi ambayo haijawahi kukutana na kitu hukunjika pale inapokutana nacho. Mguu nao una mazoea ya kuachishwa. Wengi wetu tumezoea kupiga *mawashi geri*, teke la kuzungusha, kwa mgongo wa unyayo, teke jepesi la kugusa na kurudisha, nalo likikutana na kiwiko cha mtu aliyekinga utalia. Teke la paja la Kyokushin hupigwa kwa muundi, sehemu yake ya chini, mguu wa kusimamia ukiwa umegeuka na nyonga ikiingia yote, na shabaha yake ni upande wa nje wa paja. Kulikinga unainua goti na kuugeuza muundi wako uelekee nje. Jifunze kukinga kabla ya kujifunza kupiga, kwa maana mapaja yako ndiyo yatakayolipa.

Na yatalipa. Paja lililopigwa vizuri huvimba na kukaza, kushuka ngazi kunakuwa shughuli, na watu wa nyumbani watakuuliza kama ulianguka na bodaboda. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, pumzisha mguu, na siku za mwanzo usikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu hata kama bibi ana mafuta yake ya ajabu, kwa sababu damu iliyovilia ndani ya msuli ikisumbuliwa mapema huzidi, na mara nyingine msuli huo huota kitu kigumu kama mfupa. Ukishindwa kukunja goti au ganzi isipoondoka, mwone daktari.

Kusonga mbele bila kuchemka

Sehemu iliyonipa shida kuliko zote ilikuwa miguu. Mtu wa Shotokan huingia, hupiga, hutoka. Kumite ya Kyokushin haina kutoka kwa namna hiyo: watu husimama kifua kwa kifua na anayerudi nyuma huendelea kurudishwa. Kwa mtu mwenye dhamiri nyepesi, kumsogelea mtu anayerudi nyuma huhisi kama uonevu.

Gawanya jambo hilo vipande. Kwa wiki ya kwanza mwombe mwenzako arudi nyuma taratibu nawe umfuate kwa sekunde 30 bila kupiga chochote, mikono ikiwa imekinga, ukitoa pumzi kila hatua. Ni ajabu jinsi zoezi hilo lisilo na pigo hata moja linavyochosha moyo. Wiki ya pili ongeza ngumi moja ya namba 3 kila hatua ya tatu. Wiki ya tatu yeye naye apige, na wewe usirudi. Kufikia hapo utakuwa umejua kwamba kusonga mbele ni suala la umbali na mizani, kama kusukuma mkokoteni mlimani, na kwamba yule anayerudi nyuma ana njia zake za kutoka ubavuni ambazo atazitumia kukuadhibu ukimwonea huruma isiyoombwa.

Mimi nilikuwa nasema samahani baada ya kila pigo lililoingia vizuri. Dada mmoja mwenye mkanda wa kahawia, ambaye alikuwa amenipiga teke la mbavu bila neno lolote, alinivumilia wiki mbili kisha akasema, "Ukiniomba radhi unaniambia sikustahili kupigwa na wewe. Niinamie mwisho, inatosha." Niliacha. Samahani ya kweli ibaki kwa pigo lililokwenda pasipotakiwa.

Damu ikichemka kweli, na siku moja itachemka, utaijua kwa dalili ndogo: meno yamebanana, pumzi imekaa juu kifuani, na unamtafuta mtu yule yule katika mzunguko unaofuata. Kipimo changu ni kumbukumbu. Baada ya mzunguko ninajaribu kumsimulia mwenzangu alichonifanyia: alinipiga teke mara mbili kushoto, akafungua mbavu za kulia alipochoka. Nikiweza kusimulia, nilikuwepo. Nikikumbuka tu kwamba nilitaka kumpiga, sikuwepo. Siku hiyo ninainua kiganja, ninarudi hatua mbili, ninainama na kukaa nje mzunguko mmoja. Hakuna aliyewahi kunicheka kwa hilo, na ukichekwa, rudi ukumbuke ulichokiona ulipokaa pembeni saa nzima.

Lipo jambo moja ambalo halina majadiliano. Ukipigwa kichwani ukaona giza, ukasahau kidogo, ukatapika, ukapata maumivu ya kichwa au kizunguzungu, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha hata kama unajisikia nafuu baada ya dakika 10. Mwili na akili vipumzike siku 1 hadi 2 za mwanzo, kisha urudi kwa hatua, kila hatua siku nzima isiyo na dalili, na usirudi kwenye kugusana mpaka daktari akuruhusu. Mwalimu anayeharakisha hili ni wa kumkimbia.

Barabarani na nyumbani

Hofu ya tatu, ya kubadilika tabia, haiwezi kupimwa na wewe peke yako. Mchague mtu mmoja wa nyumbani umwambie akuonye akiona umeanza kujibu kwa ukali au kutembea kifua mbele. Mke wangu alikubali kazi hiyo kwa furaha iliyonitia mashaka.

Jua pia sheria inakuona vipi. Nchini Kenya kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaelekeza suala la kujilinda lipimwe kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, na misingi hiyo inadai nguvu iwe ya kiasi kinachofaa. Tanzania imeliandika waziwazi katika kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16: nguvu ya kadiri inayohitajika, na anayezidisha atawajibika kwa kosa litokanalo na kuzidisha huko. Hakimu hatavutiwa na mkanda wako. Zoezi la namba linafaa hapa pia.

Unaporudi Shotokan

Niliahidi kulirudia lile sharti. Mwezi wa nne nilirudi kwa mwalimu wangu wa zamani siku ya Jumamosi, nikapangwa kumite na kijana wa miaka 17 niliyemfundisha mwenyewe kata ya Heian Shodan. Nilirusha *gyaku zuki*, ngumi ya mkono wa nyuma, ya kawaida. Haikusimama. Iliingia mbavuni kwa namba ambayo ningeikadiria kuwa 5, naye akakaa chini akishika ubavu, akinitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wa nyumbani. Alipona baada ya siku chache. Mwalimu hakusema kitu, aliniondoa tu kwenye mstari na kunipa watoto wa mkanda mweupe niwafundishe kukinga hadi mwisho wa somo.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba udhibiti wa zamani unakusubiri mahali ulipouacha. Nao huzoezwa, la sivyo hupotea. Tangu hapo nimetenga siku: Jumanne na Alhamisi huko, Jumamosi hapa, na asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kutoka nyumbani, napiga ngumi 100 mbele ya pazia la mlangoni. Lazima litikiswe na upepo wa ngumi bila kuguswa. Likiguswa hata mara moja katika kumi za mwisho, siku hiyo nafanya kata tu, na mwalimu huliona hilo bila kuuliza.

Yule kijana wa mbavu aliniomba mwezi uliopita nimpeleke Kyokushin. Nilimwambia aanze na daftari, kisha akabishe hodi barazani.